Mchanga Kwenye Waya wa Bi Mwanaharusi

Mimi nimechoka. Naanza na hilo ili asije mtu akasema sikumwonya. Nimechoka na barabara ya Ndagoni na vumbi lake, nimechoka na vijana wa bodaboda wanaozungumza kama wana tonge mdomoni, na zaidi ya yote nimechoka na waya mmoja mweusi usiozidi urefu wa mkono wangu.

Naitwa Haruni. Mwaka wa ishirini na mbili huu mimi ni fundi wa redio na spika hapa Kilindoni, na kama umewahi kuoa, kuolewa au kuhudhuria maulidi katika kisiwa hiki cha Mafia, basi sauti uliyoisikia siku hiyo ilipita mikononi mwangu. Maulidi ya Ndagoni ndiyo fahari yangu. Nimeyafungia vipaza sauti miaka kumi na minne mfululizo, na wageni kutoka Rufiji na Unguja wakiondoka wanauliza fundi ni nani. Sijisifu. Chema chajiuza, mimi nakaa kimya.

Sasa mwaka huu, imebaki kama miezi miwili kufika maulidi, Mzee Kombo, mwenyekiti wa kamati, ananijia dukani. Nampa shikamoo, anaitikia, kisha anaanza kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Anatazama spika, anatazama dari, anashika betri na kuiweka. Mwisho anasema, "Haruni, hebu kwanza nenda kamtazamie dada yangu redio yake. Anasema sauti ina mchanga. Ukimalizana naye, ndipo tuzungumze habari za maulidi."

"Tuzungumze nini?" nikamuuliza. "Miaka yote si unanipa tarehe tu?"

"Malizana na dada," akasema, akaenda zake.

Nilielewa mara moja. Kuna kijana anaitwa Mudrik, amefungua duka mwaka juzi karibu na soko, ana kofia ya kugeuza kisogoni na maneno mengi ya mtandaoni. Alikuwa anayanyemelea maulidi yangu. Nikishindwa kumridhisha dada yake mwenyekiti, kazi inakwenda kwa Mudrik, na fundi aliyenyang'anywa maulidi ya Ndagoni hana tena uso wa kukaa Kilindoni na kujiita fundi. Usingizi ulinipaa tangu siku ile.

Huyo dada ni Bi Mwanaharusi. Ndiye aliyenifundisha Kurani nikiwa na miaka sita, mimi na nusu ya wanaume wa Ndagoni, na bakora yake bado naikumbuka mgongoni. Ungeweza kuchelewa, ungeweza kuja na kanzu chafu, angekusamehe. Lakini ukiitamka herufi sini kama swadi, siku hiyo utaijua rangi yake. Sasa ni mtu mzima sana, macho yamepungua, hasomi tena bali anasikiliza. Mwanawe Sadick, aliyeko Muscat, alimletea mashine ya kucheza sidii, amplifaya na spika mbili za mbao, na kila baada ya swala ya alasiri anakaa mkekani anamsikiliza msomaji, juzuu baada ya juzuu. Mashine zile nilimfungia mimi mwenyewe. Na kutoka kwenye mashine ya sidii kwenda kwenye amplifaya nilimwekea waya wa dijitali, ule wa kisasa unaopitisha mwanga. Ndio waya wenyewe huo ulionitia maradhi ya moyo.

Nikaenda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea chai ya tangawizi na mkate wa mofa, na kabla sijauma mkate akaanza.

"Mchanga upo, Haruni. Hauji kila mahali. Akisoma mimu, hapana. Akisoma lamu, hapana. Akifika kwenye sini na shini, unakuja, kama mtu anayekwangua sufuria chumba cha pili."

Nikawasha. Nikapiga magoti, nikatega sikio kwenye spika ya kulia, nikahamia ya kushoto. Msomaji anasoma, sauti imetulia tuli, nzito, nzuri, kama maziwa yaliyochujwa.

"Safi, bibi."

"Sikiliza tena."

Nikasikiliza tena. "Safi kabisa."

"Mchanga upo," akasema, na uso wake ule ule wa darasani.

Basi nikakaa chini nikamsomesha, maana mtu asiyejua huelimishwa. Nikamwambia, bibi, waya huu haubebi sauti. Waya wa zamani ulikuwa unabeba sauti yenyewe, ukichakaa kidogo, na sauti inachakaa kidogo. Huu wa dijitali unabeba hesabu. Moja, sifuri, moja, sifuri, zinakwenda kwa taa nyekundu ndani ya uzi wa plastiki, na mashine ya upande wa pili inazisoma. Zikifika, zimefika. Ni kama barua ya Sadick kutoka Muscat: aiandike kwenye karatasi ghali au kwenye karatasi ya sukari, wewe ukiifungua maneno ni yale yale.

"Na barua ikiloa maji?" akauliza.

"Ikiloa huisomi kabisa, bibi. Ama unasoma, ama husomi."

"Mimi nimesoma barua nyingi zilizoloa," akasema. "Unasoma, lakini unakisia."

Lahaula. Mtu wa namna hii utamfanya nini? Nikachomoa waya, nikamwonyesha ile taa nyekundu ikimulika kwenye ncha, akaikazia macho yake mabovu, akasema haoni kitu. Nikafanya kazi yangu ya kawaida. Kwetu hapa chumvi ya bahari inakula kila kilicho cha chuma. Funga waya leo, baada ya miezi sita ncha imeota kutu ya kijani. Dawa yangu, niliyoachiwa na marehemu fundi aliyenifunza kazi, ni tone la mafuta ya nazi kwenye kila ncha. Hakuna waya unaofungwa na mkono wangu ambao haujapakwa, na ndiyo sababu nyaya zangu zinadumu. Huu nilikuwa nimeupaka siku ya kuufunga. Nikaupaka tena, nikaurudisha, nikaaga.

Baada ya wiki, simu. Mchanga umezidi.

Nikarudi Ndagoni, na dereva wa bodaboda njia nzima ananieleza jambo nisilolielewa hata neno moja, mpaka nikamwambia aongee kama mwanamume. Akanyamaza. Hilo ni tatizo jingine la kisiwa hiki na nitalisema: watu siku hizi wananong'ona. Wateja wananong'ona, watoto wananong'ona. Hata mke wangu Safia anazungumza nami yuko jikoni na mimi niko ukumbini, halafu ananuna eti simjibu. Kisha nikifungua taarifa ya habari anasema nawasikilizisha majirani. Kama unaweza kuwaridhisha wanawake, wewe umebarikiwa.

Nafika kwa Bi Mwanaharusi, nakuta Mudrik ametangulia. Kapita tu kumjulia hali bibi, anasema. Na amemwachia waya wake, mnene kama kidole gumba, ncha zake zimepakwa dhahabu, ameutoa Dar, bibi aujaribu bure siku chache.

"Mudrik," nikamwambia, "waya huu unapitisha mwanga. Dhahabu ya nje ya ncha itausaidia nini mwanga ulio ndani? Ukivaa miwani ya dhahabu ndiyo utaona mbali?"

"Kaka Haruni, sauti inafunguka," akasema. "Inakuwa na nafasi."

"Nafasi ipo kichwani mwako."

Kijana hakukasirika. Alinitazama tu, namna fulani ya upole iliyonikera kuliko tusi, akamuaga bibi akaondoka. Nami nikainama kuukagua waya wangu, nikaupaka mafuta mara ya tatu, kwa ukaidi.

"Bibi," nikasema, "tumalize mambo haya kiume. Jumamosi nitakuja na nyaya tatu. Wangu, wa Mudrik wa dhahabu, na mwingine wa bei chee, mpya, bado sijaupaka, kutoka dukani kwangu, ndugu yake huu wangu. Mwite Mzee Kombo ashuhudie. Tutazifunika, hakuna atakayejua unaopiga ni upi. Ukiusikia huo mchanga hali hujui waya, mimi mwenyewe nitamwambia mzee maulidi ampe anayemtaka. Usipousikia, nayataka maulidi yangu, na sitaki kusikia neno mchanga mpaka naingia kaburini."

Akanigeuzia uso. Kisha akasema, "Una hakika, mwanangu, unataka hivyo?"

Nikamwambia nina hakika kama nilivyo na hakika ya jina la baba yangu.

Jumamosi tulikuwa wanne. Mimi, Bi Mwanaharusi, Mzee Kombo, na Chiku, mjukuu wa bibi, ambaye ni muuguzi na alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Chiku ndiye niliyempa kazi ya kubadilisha nyaya. Nikatundika kanga mbili mbele ya meza ya mashine, Chiku akaingia nyuma yake na daftari. Sheria niliziweka mimi. Sisi watatu tunaukabili ukuta, migongo kwa spika, mbali mbali, mtu asimtazame mwenzake. Chiku atapiga aya ile ile mara tisa, kila waya mara tatu, bila mpangilio. Ukisikia mchanga, nyanyua mkono bila kusema kitu. Chiku ataandika. Kabla ya kila waya anafuta tundu za mashine kwa pamba kavu, isije ikasemwa hili au lile.

Tukaanza. Mara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ndani ya moyo wangu nacheka. Ilipofika ya nne nikajiambia, haiwezekani zote ziwe safi namna hii, huenda kuna mmoja, na nikanyanyua mkono, kwa kubahatisha tu, ili nisionekane mkaidi. Tukaenda mpaka ya tisa. Nikageuka, nikakung'uta mikono yangu, nikasema, "Haya, Chiku, soma."

Chiku hakusoma kwa haraka. "Bibi amenyanyua mkono ya pili, ya tano na ya nane," akasema. "Babu Kombo amenyanyua ya pili, ya tano na ya nane. Zote tatu ni waya wako, mjomba. Waya wa dhahabu na ule wa bei chee hakuna aliyenyanyua."

"Nami?"

"Wewe ulinyanyua ya nne. Ilikuwa ule wa dhahabu."

Hapo kwanza nikashika palipokuwa na haki yangu. Nikasema, mmeona sasa? Dhahabu na bei chee ni kitu kimoja, Mudrik ni mwongo, hesabu ni hesabu. Mzee Kombo alikuwa anautazama mkeka. Hilo lilinipandisha hasira.

"Na hayo mengine mmepanga," nikasema. "Ndugu na dada yake, na mjukuu ndiye mwandishi. Mimi mnaniona mtoto?"

"Mjomba, njoo utazame," Chiku akasema, akaniletea waya wangu, akauelekeza mlangoni kwenye jua. Kwenye ncha kulikuwa na utando wa mafuta ya nazi, na ndani ya mafuta vumbi la Ndagoni, chembe chembe, zimeganda kama ugoro. Mwanga ulikuwa unapita kwa kujipenyeza.

Nilitazama ncha ile kwa muda. Chuma kinapenda mafuta, mwanga hauyapendi. Fundi wa miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Mkono ulizoea, ukapaka. Na kila bibi alipolalamika, nilikuwa naongeza kosa juu ya kosa.

"Sawa," nikasema. "Kosa langu. Naufuta, na samahani, bibi. Hesabu zilikuwa zinapotea njiani, na mashine inakisia, kama ulivyosema." Nikaufuta waya kwa pindo la shati. "Lakini huo mchanga wenyewe uko wapi? Upo, mmeusikia ninyi wawili. Mimi ndiye fundi. Mbona mimi siusikii?"

Nikawatazama mmoja mmoja. Chiku alikuwa anakunja kanga, anaikunja na kuikunjua.

"Haruni," Bi Mwanaharusi akasema. "Nyenje unawasikia?"

"Nyenje gani?"

"Wa hapo nje. Kwenye mikorosho."

Nikacheka, kwa kero. "Bibi, nyenje walikwisha zamani kisiwa hiki. Miaka minne, mitano sasa. Salfa wanayopuliza kwenye mikorosho imewamaliza. Hata wanangu nimewaambia, sisi tulikua na nyenje, ninyi hamna."

Na kweli niliwaambia. Binti yangu mdogo alinitazama siku ile kama nimemtania, akaangalia mama yake, na Safia akamwambia akamalize kula.

"Wanalia tangu ulipoingia," Bi Mwanaharusi akasema. "Wanalia mpaka nimefunga dirisha ili tusikilizane."

Nikatoka nje. Sikuaga, nilitoka tu, nikaenda mpaka chini ya mkorosho wa kwanza, nikasimama. Nilisikia pikipiki inapita barabarani. Nilisikia mtu anatwanga, na upepo kwenye minazi. Nikaziba sikio la kushoto, nikaliachia, nikaziba la kulia. Nikafumba macho kama mjinga. Nyenje, kimya. Niliogopa, wallahi niliogopa, kuliko siku niliyopinduka na ngalawa.

Mzee Kombo akanifuata. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu, ana kwa ana, na hapo ndipo nilipotambua kwamba amekuwa akisimama hivyo kila anapozungumza nami, na mimi nilidhani ni uzee.

"Mzee," nikamwambia, "nilitoa ahadi. Maulidi mpe Mudrik."

Akaniwekea mkono begani. "Nilishampa," akasema. "Kabla sijaja dukani kwako."

"Basi kwa nini mkanizungusha hivi? Safari tatu za vumbi?"

"Dada alikataa tukuambie. Alisema mtu haambiwi jambo kama hili na kamati. Alisema mwacheni, nitamwita mimi, atajua mwenyewe." Akaondoa mkono begani. "Na mchanga ulikuwapo kweli, Haruni. Hakukuongopea."

"Mlijuaje?"

Nilimwona anavyotaka kurudi ndani. Nikamshika mkono wa kanzu, mimi, mtu mzima, mbele ya nyumba ya watu.

"Mwaka jana," akasema. "Vipaza sauti vilipiga mluzi. Vilianza kwenye Fatiha, havikunyamaza mpaka tuliposimama kumswalia Mtume. Watoto waliziba masikio. Wageni wa Unguja waliinamisha vichwa. Na wewe ulikuwa umesimama kando ya mashine, umefunga mikono kifuani, unatabasamu. Nani angekuja kukuambia?"

Naukumbuka usiku ule. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Safia sijawahi kufunga sauti safi kama ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea chakula.

"Ulikuwa mluzi gani?" nikamuuliza Mzee Kombo. "Wa namna gani? Nionyeshe."

"Haruni, achana na hayo."

"Nionyeshe, mzee. Nakuomba."

Akaona haya, mtu mwenye mvi kama yule, mwenyekiti. Akatazama barabarani kama kuna anayepita. Kisha akabana meno, akavuta pumzi, na akaipitisha menoni kwa ajili yangu. Niliona mashavu yake yakijaa, niliona mshipa wa shingo ukisimama, na Chiku mlangoni akaweka kidole sikioni. Mimi sikusikia kitu.